Mwanza Siyo Bugando Peke Yake

Agosti 2025 nilikuwa fildi, nafundisha Jiografia na Kiswahili katika shule moja ya kata huko kwetu Dutwa, wilaya ya Bariadi. Siku hiyo tulikuwa kidato cha pili, mada ya usafirishaji, nikaanza kipindi na swali jepesi la kuamsha darasa: taja jiji lolote lenye bandari. Mikono ikapanda. Wa kwanza akasema Yokohama. Wa pili akasema Kobe. Wa tatu akataja Rotterdam, tena akaitamka kwa madoido. Dar es Salaam ilikuja ya nne, Tanga ya tano. Nikasubiri. Mwisho nikawauliza mwenyewe, "Na Mwanza je?" Darasa likacheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madamu, Mwanza si kuna Bugando?"

Sikumkemea. Alichosema ndicho tunachokijua wengi wetu. Ukisikia Dutwa kwamba fulani kapelekwa Mwanza, huulizi kaenda kufanya nini, unauliza anaumwa nini. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa yote, ilifunguliwa mwaka 1971, imekaa juu ya kilima, na kwa mtu wa Simiyu kilima hicho ndicho jiji lenyewe. Yokohama nayo tunaijua kwa njia yake. Vitabu vya Jiografia vinaipenda sana Japani kwenye mada ya viwanda, na karibu kila Hiace na kila Noah inayopiga ruti kati ya Bariadi na Lamadi ilipandishwa melini huko Japani. Ipo Hiace moja pale kwetu ambayo ubavuni bado ina maandishi ya Kijapani na picha ya dubu anacheka. Nadhani ilikuwa ya shule ya chekechea. Sasa inabeba kuku na magunia ya dengu.

Usiku ule nikaandika upya andalio la somo. Nilitaka kulinganisha Mwanza na Yokohama, nikaingia kwenye simu kutafuta habari za makontena na winchi. Nilichokuta kikanishangaza zaidi ya makontena. Yokohama ilifunguliwa kwa meli za kigeni mwaka 1859. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi likaiangusha. Wenyeji wakachukua kifusi cha nyumba zilizobomoka, wakakisukumia baharini, wakasawazisha, na mwaka 1930 mahali pale pakafunguliwa kama bustani ya watu kupumzika, Yamashita. Pembeni ya bustani imefungwa meli inayoitwa Hikawa Maru, iliyoanza kazi mwaka huohuo wa 1930, ikivuka Pasifiki kwenda Seattle. Haisafiri tena. Watoto wanapanda na wazazi wao, wanaingia chumba cha nahodha, wanashika usukani. Maghala ya forodha ya matofali mekundu, yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwaka 2002 ni maduka na migahawa.

Yaani wenzetu bandari ni mahali pa kazi na vilevile ni mahali pa kumpeleka mtoto Jumapili. Anayetembelea Yokohama si lazima awe mzungu mwenye kofia na kamera. Ni baba na mama wa mtaani kwao, wamebeba chakula kwenye kifuko.

Nikabaki najiuliza: Mwanza kuna nini ambacho Yokohama hawana? Meli za zamani zipo. Ziwa lipo, lenye kilomita za mraba karibu 68,800, kubwa kuliko nchi za Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kisiwa chenye wanyama kipo katikati ya jiji. Makumbusho yapo. Kinachokosekana ni mtu wa Dutwa kuamka asubuhi akasema leo tunaenda Mwanza kutembea.

Hapa lazima niseme habari ya nyumbani, la sivyo hamtaelewa kwa nini hela yangu ya fildi iliishia huko. Baba aliugua mwaka 2018. Mama alikaa naye Bugando wiki saba, akarudi Dutwa kwenye gari lililobeba jeneza. Tangu hapo hakukanyaga tena Mwanza. Mama mdogo, anayeishi Buzuruga, alipojifungua, mama alituma kanga na mchele, mwenyewe hakwenda. Ukimwambia habari ya Mwanza anabadilisha mazungumzo. Hajawahi kusema kwamba anaogopa. Anasema tu, "Kule mbali."

Kwa kuwa fildi nilikuwa nalala nyumbani na kula nyumbani, ilibaki laki mbili na themanini. Wenzangu waliniambia nijichange nao twende Zanzibar kula bata na kupiga picha za machweo. Sikatai, Zanzibar ni pazuri. Ila mdogo wangu wa kiume alikuwa ametoka kufanya mtihani wa darasa la saba, bandari anaijua kwa kuchora tu, na mchoro wenyewe alinakili ubaoni. Nikamwambia mama nataka kuwapeleka Mwanza siku mbili, yeye, bibi, yule wa darasa la saba na kitindamimba wetu wa miaka minane.

Mama akanitazama. "Mwanza watu wanaendaga kutembea?"

"Wanaendaga, mayu."

Akanyamaza. Bibi, ambaye tulidhani amelala pale kwenye mkeka, akasema, "Mimi nakwenda. Asiyetaka abaki achunge kuku." Ikawa imeisha.

Njia ni nyepesi. Kutoka Dutwa unashika mchomoko au basi hadi Lamadi, ambako barabara ya kwetu inakutana na ile ya Musoma na Mwanza. Ukikunja kulia kidogo tu unafika geti la Ndabaka, unaingia Serengeti. Ukikunja kushoto unaelekea Mwanza, na baada ya muda ziwa linaanza kujionyesha upande wa kulia, mara lipo mara halipo. Pale Magu unavuka daraja la Mto Simiyu, uliotupa jina la mkoa wetu mwaka 2012. Nikawaeleza wadogo zangu kwamba mto huu unabeba maji ya mvua za Bariadi na kuyamwaga Ghuba ya Speke, yaani kwenye ziwa hilihili. Yule wa darasa la saba akafikiri, akasema, "Kwa hiyo maji ya kwetu yanaendaga Mwanza kila siku, tena bila nauli." Basi zima likacheka, na mama naye akacheka. Nilihesabu hiyo kama alama ya kwanza.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetoka mikoa ya Simiyu na Mara: usipitilize hadi mjini, shuka Kisesa. Ukitoka Kisesa kwa bodaboda au bajaji ni mwendo mfupi hadi Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padri wa Kikanada, David Clement, aliyefika Bujora miaka ya 1950 na kuanza kukusanya vitu vya Kisukuma wakati wengine walikuwa wakiviita vya kishenzi. Kanisa lake lina umbo la msonge, na jengo linalotunza vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ndani kuna ngoma za kitemi, silaha, vyombo. Nje kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na nyumba ya kawaida ya Kisukuma ambayo unaingia kwa kuinama.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole. Alimsalimia bibi, "Mwadila, mayu," bibi akaitikia, na kuanzia hapo kijana wa watu hakuongoza tena. Akishika kitu tu kabla hajaeleza, bibi ameshaeleza. Akaonyesha jiwe la kusagia, bibi akasema lile la kwake Dutwa ni zuri zaidi, hili halijachongwa vizuri. Akaonyesha kibuyu cha kusukia maziwa. Bibi akakitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya wote kusikia, "Kwa hiyo mimi nikifa mtaniweka humu?" Mwongozaji hakujua acheke au apige magoti.

Kama unasomea ualimu kama mimi, Bujora ni mgodi. Kuna sehemu inayoeleza namna mbalimbali ambazo makundi ya rika yalihesabu moja hadi kumi, kila kundi na maneno yake, kama lugha ya siri. Mdogo wangu aliyakariri matatu ya kwanza akaenda kumtambia kitindamimba. Kuna pia habari za Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ambayo asili yake inasemwa kuwa ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani atavuta watu wengi zaidi. Mashindano hayo yapo hadi leo. Mwezi wa sita kila mwaka, sikukuu ya Bulabo, ngoma hizo zinachezwa Bujora siku kadhaa, wengine wanacheza na nyoka. Nilimuuliza bibi yeye upande gani. Akanijibu kwamba upande wa baba yake ulikuwa unashinda, na hilo linatosha.

Kutoka Kisesa kuingia mjini unapita Igoma. Hapo nilitamani nisiseme kitu, lakini mama mwenyewe ndiye aliyesema. Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa kwenye MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa inatoka Bukoba, ikazama ikiwa imeshakaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 walikufa. Mama alikuwa msichana wakati huo. Alisema redio ilikuwa inasoma majina siku nzima na watu wa Dutwa wamekaa chini ya mti wanasikiliza, ingawa hawakuwa na ndugu humo. Akamaliza kwa kusema, "Mimi boti sipandi." Nikajua kesho kuna kazi.

Tulilala Buzuruga kwa mama mdogo. Hapo niliokoa hela ya gesti, na hili niwe mkweli: safari ya familia ya kwetu inawezekana kwa sababu kila mtu ana ndugu Mwanza. Beba mchele na kuku mmoja, hutakosa godoro.

Asubuhi watoto walipotoka nje wakasimama kama waliona simba. Jana tuliingia jioni, hawakuona vizuri. Mwanza ukiamka ni mawe. Mawe makubwa kama nyumba, yamekaa juu ya mawe mengine, na nyumba za watu zimejibana katikati yake hadi juu ya vilima. Kitindamimba akauliza swali ambalo kila mgeni analo: "Nani aliyapandisha?"

Hakuna aliyeyapandisha. Ni matale, aina ya mwamba uliopoa na kuganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Ulipokuwa bado chini, ulipasuka mistari, mingine ya wima, mingine ya kulala, kama matofali makubwa. Maji ya mvua yakapenya kwenye mistari hiyo na kuanza kuula mwamba taratibu, na sehemu iliyoliwa kwanza ni zile pembe, kwa sababu pembe inashambuliwa pande zote. Tofali likawa duara. Udongo uliokuwa umelizunguka ukaja ukachukuliwa na mvua kwa muda mrefu mno, na mawe ya duara yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa, moja juu ya jingine. Kwa hiyo jiwe halikupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi la Buzuruga, na nawaambia, katika wiki zote za fildi sikuwahi kuwa na darasa lililotulia vile.

Kisiwa cha Saanane kipo karibu tu na Capri Point, ile rasi ya majumba makubwa iliyoingia ziwani. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekimiliki. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko nyingi tulizonazo, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Ofisi ya TANAPA ipo hapohapo ufukweni. Mambo mawili ya kujua kabla hujaenda: kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, na mtoto analipa pungufu ya mtu mzima. La pili, hawapokei noti mkononi, unapewa namba ya malipo unalipia kwa simu, kwa hiyo weka salio mapema. Mimi sikuweka. Nilitoka kutafuta wakala juani huku familia nzima imekaa kwenye benchi inanisubiri, bibi anauliza kama tumefukuzwa.

Mama akayatazama yale makoti ya machungwa ya kujiokolea, akaitazama boti, akasema yeye atatusubiri pale. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka kumweleza kwamba ni dakika chache tu, kwamba nahodha hapakii zaidi ya idadi, kwamba kila mtu anavaa koti. Bibi hakunipa nafasi. Alikuwa ameshavaa la kwake, limemkaa kama gunia, akamwambia mama kwa Kisukuma maneno ambayo kwa Kiswahili ni hivi: mimi nimebakiza siku ngapi za kuogopa maji, na wewe umebakiza ngapi? Mama akavaa. Njia nzima alimshika kitindamimba mkono kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Usiende Saanane ukitegemea Serengeti. Utawaona swala pala, tumbili, ndege wa kila namna, na pimbi wengi wamejianika juani juu ya mawe. Mwongozaji akatueleza kwamba huyu pimbi, mdogo kama sungura, ni ndugu wa karibu wa tembo. Mdogo wangu akakataa kabisa, akataka ushahidi, akaonyeshwa meno kwenye picha. Lakini mshindi wa siku alikuwa mjusi. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu ya kupauka, na mwili wa buluu, kama aliyevaa nguo za Spider-Man, na kweli wageni wengi humwita hivyo. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la jiji hilihili. Nyumbani Dutwa tukimwona ndugu yake tunampiga jiwe.

Tulipanda hadi juu ya mwamba mmoja mkubwa. Ukiwa pale, maji yako pande zote, na ng'ambo unaona upande wa Igogo na Bandari ya Kusini, na juu ya vyote kilima na lile jengo refu la hospitali. Niliona kabla mama hajaona. Nikaanza kuwaonyesha watoto upande mwingine, haraka haraka, ndege yule, mtumbwi ule. Mama akasema, "Hebu acha." Akasimama anatazama.

"Kumbe inaonekana na huku," akasema. Kisha akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole, kutoka chini kwenda juu, akasimama kwenye moja. "Tulikuwa pale. Baba yenu alikuwa anaona haya maji kila asubuhi. Alikuwa ananiuliza kile kisiwa kina nini, nikamwambia sijui, pengine watu wanalima."

Hakuna aliyesema kitu. Kitindamimba, ambaye baba hamkumbuki, akauliza, "Alikuwa anatuona sisi hapa?" Mama akamwambia hapana, ila kisiwa alikuwa anakiona. Akakaa chini kwenye mwamba, akafungua mfuko, akatoa viazi na mayai ya kuchemsha akaanza kugawa. Tulikula pale. Alimweleza mwongozaji habari za baba kama anayesimulia habari za mtu aliyesafiri. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hata nusu yake.

Mchana tulikwenda kwenye kivuko cha Kamanga, katikati ya mji. Bandari zenyewe huwezi kuingia tu kutembea kama Yamashita, ni eneo la ulinzi, unaingia ukiwa na tiketi. Kivuko ndicho ujanja wa familia isiyo na hela. Unalipa nauli ndogo, kwangu haikufika bei ya sahani ya chipsi mayai kwa mtu mmoja, mnavuka Ghuba ya Mwanza hadi Kamanga upande wa Sengerema, mnakunywa soda, mnarudi. Mkiwa njiani mnaiona Mwanza nzima kutoka majini bila kulipia ziara. Wasukuma ziwa wanaliita nyanza, na inasemekana jina Mwanza lilitokana na hilo, wageni waliposhindwa kulitamka. Jiwe la Bismarck mnaliona kwa karibu: mwamba mmoja umesimama juu ya mwingine ndani ya maji, kama ulisahauliwa na mtu. Limepewa jina la kansela wa Ujerumani wakati Wajerumani walipoweka kituo chao hapa miaka ya 1890. Kabla ya Bismarck kuzaliwa jiwe lilikuwepo, kwa hiyo lazima lilikuwa na jina. Nilimuuliza mpiga picha wa pale jina la zamani, akaniambia, "Dada, mimi nauza picha."

Kwenye kivuko ndiko nilikofundisha somo langu lililoshindikana darasani. Mwanza ina bandari mbili. Ya Kaskazini ni ya abiria hasa, huko ndiko meli za Bukoba na Ukerewe zinakofunga. Ya Kusini ni ya mizigo, na ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inaingia hadi ndani ya meli. Ndiyo, ndani. MV Umoja, iliyojengwa miaka ya 1960, ina njia za reli kwenye sitaha. Behewa lililopakiwa Dar es Salaam linasukumwa moja kwa moja melini, karibu ishirini kwa pamoja, linavuka ziwa hadi Port Bell nchini Uganda, na huko linavutwa na injini nyingine bila mtu kushusha gunia hata moja. Ndiyo maana mji usio na bahari una bandari: mzigo wa bahari unaufuata hadi ndani. Mdogo wangu aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza je, meli ikiyumba mabehewa hayatembei? Yanafungwa kwa minyororo, nikamjibu, na nikafurahi kwamba ameuliza swali ambalo kidato cha pili hawakuniuliza.

Kuna pia MV Victoria, inayopiga ruti ya Bukoba. Ilijengwa Uskoti, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961, mali ya Afrika Mashariki nzima, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki kwetu. Mwaka 2020 ilikarabatiwa ikarudi kazini. Hikawa Maru ya Yokohama ilistaafu kabla Victoria haijaanza, na watu wanalipa kuishika usukani. Ya kwetu bado inabeba ndizi. Mpya, MV Mwanza, ilishushwa majini mwaka 2023, imejengwa kubeba abiria 1,200. Itakapofika zamu ya Victoria kustaafu kweli, natamani isikatwe vyuma chakavu. Waifunge pale karibu na Jiwe la Bismarck, watoto wa Dutwa wapande. Hayo ni maoni yangu, Waziri akisoma gazeti letu ayachukue bure.

Tulitaka pia kwenda kuona Daraja la Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi la kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Muda haukutosha na hela ilikuwa inakwenda ukingoni. Tulimalizia Makoroboi, mtaa uliopewa jina la zile taa za mafuta ya taa zilizotengenezwa hapo kwa makopo. Bibi akanunua sufuria. Safari nzima ya watu watano, siku mbili, ilikula laki mbili na arobaini, nauli ikiwa ndiyo kubwa kuliko vyote. Ukiwa peke yako na rafiki mmoja ni chini ya nusu ya hapo.

Niliporudi darasani wiki ya mwisho ya fildi niliuliza lile swali tena. Sitawadanganya, wa kwanza bado alisema Yokohama. Ila nilipochora behewa linaingia melini, kipindi kilipitiliza dakika kumi na tano na mwalimu wa Hisabati akaja kugonga mlango.

Sasa niko huku Dodoma. Juzi Jumamosi mama alinipigia simu asubuhi, nyuma yake nasikia honi na kelele za konda. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko Buzuruga, amekuja na kina mama watatu wa kwaya, na alichokuwa anataka kujua ni kimoja tu: ile namba ya kulipia boti unaiomba kabla au baada ya kuvaa koti?